Kaya 1,100, miaka 24: kukadiria kipato cha kati katika trakti ya vijijini Marekani

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna trakti moja ya sensa, yaani eneo dogo la takwimu ndani ya kaunti, katika kaunti ya vijijini nchini Marekani. Ina kaya zipatazo 1,100 na haina mji wa maana ndani yake. Mtu anaandaa maombi ya ruzuku ya mradi wa maji na anahitaji sentensi moja tu: je, kipato cha kati cha kaya kimepanda au kimeshuka tangu sensa ya 2000, na kwa kiasi gani? Ameshaingia kwenye tovuti ya Ofisi ya Sensa, akafungua jedwali B19013 (kipato cha kati cha kaya), akachukua namba ya toleo la 2009–2013 na ya toleo la 2019–2023. Ya kwanza ni dola 39,800, ya pili ni dola 61,500. Amegawanya na kuandika kuwa kipato kimepanda kwa asilimia 55.

Sentensi hiyo haisimami. Hapa tunaifumua hatua kwa hatua mpaka ipatikane inayosimama. Namba za trakti hii, za majirani zake na za kaunti yake zimetungwa ili hesabu ionekane. Majedwali, miaka, vipimo vya bei na kanuni zote ni halisi, na mtu yeyote anaweza kuzitumia kwa eneo lake.

Kipato cha kati, kwa anayekutana nacho mara ya kwanza, si wastani. Panga kaya zote kuanzia yenye kipato kidogo hadi yenye kikubwa, kisha soma kipato cha ile iliyo katikati kabisa. Kaya moja yenye mamilioni haikisogezi. Lakini kwa sababu hiyohiyo huwezi kukijumlisha wala kukigawa kama unavyofanya na wastani, na jambo hilo litatusumbua mbele.

Data iliyopo, na ambayo watu huitafuta bila kuipata

Hadi mwaka 2000, swali la kipato lilikuwa kwenye fomu ndefu ya sensa, iliyopelekwa takriban kwa kaya 1 katika kila 6 kitaifa, na kwa kiwango kikubwa zaidi kwenye maeneo madogo ya utawala. Majibu yako kwenye faili ya muhtasari iitwayo SF3: jedwali P052 linagawa kaya kwa madaraja ya kipato, P053 linatoa kipato cha kati. Angalia sana kwamba sensa ni ya 2000 lakini kipato kilichoulizwa ni cha 1999. Ukirekebisha bei kwa kuanzia 2000 umeshakosea kwa zaidi ya asilimia 3 kabla hujaanza.

Sensa ya 2010 haikuuliza kipato kabisa, na ya 2020 vilevile. Anayetafuta "kipato cha sensa ya 2010" anatafuta kitu kisichokuwepo. Nafasi ya fomu ndefu ilichukuliwa na utafiti wa ACS (American Community Survey) wa Ofisi ya Sensa, ulioanza kikamilifu 2005 na ambao siku hizi hupeleka fomu kwenye anwani zipatazo milioni 3.5 kila mwaka. Namba za mwaka mmoja hutolewa kwa maeneo yenye watu 65,000 na zaidi. Zilikuwepo pia za miaka mitatu kwa maeneo ya watu 20,000 na zaidi, lakini toleo lake la mwisho ni 2011–2013. Trakti ina kitu kimoja tu: makadirio ya miaka mitano, ambayo ya kwanza yalikuwa ya 2005–2009.

Kwa ukubwa wa sampuli hiyo, trakti ya kaya 1,100 huambulia mahojiano ya makumi kadhaa, pengine mia na kidogo, kwa miaka yote mitano ikijumlishwa. Weka picha hiyo akilini kila unapotazama namba iliyoandikwa hadi dola ya mwisho.

Kuna pia namba ambazo zinaonekana kufanana lakini hazichanganyiki na hizi. Kipato binafsi kinachotolewa na BEA, ofisi ya serikali ya uchambuzi wa uchumi, ni wastani kwa kila mtu, na kinahesabu hata michango ya mwajiri na huduma za matibabu zinazolipwa na serikali. Data ya IRS, mamlaka ya kodi, kwa misimbo ya posta inahesabu marejesho ya kodi (fomu ambazo walipakodi hujaza kutangaza kipato), si kaya. Nyumba moja inaweza kuwa na marejesho matatu, nyingine isiwe na hata moja. ACS inahesabu fedha zilizoingia: mishahara, faida halisi ya biashara na kilimo, pensheni, mafao ya hifadhi ya jamii (Social Security), kodi za pango, riba, misaada ya fedha taslimu. Faida inayotokana na kuuza mali haimo, wala thamani ya msaada wa chakula wa SNAP. Kwenye eneo la wakulima, kumbuka kuwa kipato cha shamba ni baada ya kutoa gharama, hivyo kinaweza kuwa hasi. Mwaka mbaya wa mavuno huwashusha wakulima wengi kwa pamoja, na sampuli ndogo haina pa kujificha.

Madirisha ya miaka

Namba ya 2019–2023 si ya 2023, wala si ya 2021. Kila mhojiwa aliulizwa kipato cha miezi 12 iliyopita. Aliyehojiwa Januari 2019 alieleza fedha za 2018 yote. Aliyehojiwa Desemba 2023 alieleza hadi Novemba 2023. Dirisha moja la miaka mitano kwa hiyo linagusa miezi 71, kuanzia Januari 2018, na miezi ya katikati ndiyo yenye uzito mkubwa.

Ndiyo maana mchoro unaounganisha matoleo ya kila mwaka (2017–2021, 2018–2022, 2019–2023) unadanganya. Matoleo mawili yanayofuatana yana miaka minne ya pamoja katika mitano. Mstari hutoka laini kana kwamba eneo linabadilika polepole na kwa utulivu, kumbe mahojiano yaleyale yanahesabiwa tena na tena. Tofauti kati ya toleo moja na linalofuata ni tofauti kati ya mwaka mmoja ulioingia na mmoja uliotoka, kwa sampuli ya watu wachache mno.

Dawa ni kutumia madirisha yasiyogusana, na kuyahesabu kutoka jipya kurudi nyuma. Hapa yanapatikana matatu: 2019–2023, 2014–2018 na 2009–2013. Dirisha la 2005–2009 linashiriki mwaka 2009 na lile la tatu, hivyo tunaliacha. Wengi huanzia nyuma kwenda mbele, na wanapofika mwisho wanabaki na toleo jipya linaloingiliana na lililotangulia. Hapo ndipo hujikuta wakilazimisha.

Mwaka 2020 una kasoro yake. Ukusanyaji uliparaganyika kwa sababu ya UVIKO-19, na waliojibu hawakuwa na hali sawa kiuchumi na wasiojibu. Ofisi ya Sensa ilikataa kutoa namba za kawaida za mwaka huo mmoja, ikatoa za majaribio tu. Toleo la 2016–2020 lenyewe lilichelewa hadi Machi 2022, baada ya kurekebisha uzani unaopewa kila jibu. Ndani ya 2019–2023, mwaka huo ni mmoja kati ya mitano. Hatuutupi, ila tusijenge hoja juu ya tofauti ndogo.

Kuondoa mfumuko wa bei

Kila toleo la miaka mitano lina dola za mwaka wa mwisho wa dirisha: 2009–2013 ni dola za 2013, 2014–2018 ni za 2018. Ofisi ya Sensa imeshapandisha majibu ya miaka ya mwanzo ya dirisha kwa hiyo usiyarekebishe tena ndani ya dirisha. Kazi yako ni kuleta madirisha yote kwenye dola za mwaka mmoja, hapa 2023.

Kipimo cha bei za walaji cha Marekani, CPI-U, wastani wa mwaka: 1999 ni 166.6, 2013 ni 232.957, 2018 ni 251.107, 2023 ni 304.702. Gawanya cha 2023 kwa cha mwaka husika:

1999: 304.702 ÷ 166.6 = 1.829
2013: 304.702 ÷ 232.957 = 1.308
2018: 304.702 ÷ 251.107 = 1.213

Kwa miaka mingi Ofisi ya Sensa yenyewe imetumia CPI-U-RS, aina ya CPI-U iliyokokotolewa upya kwa mbinu za sasa, kwenye kazi hii. Kuanzia 2000 hivi kuja mbele vipimo hivyo viwili vinakwenda karibu sambamba, hivyo uchaguzi kati yake hauamui kisa hiki. Kinachoharibu ni kuchanganya viwili katika mfululizo mmoja.

Trakti yetu sasa inasomeka hivi, kwa dola za 2023 na kwa vigawo visivyofupishwa:

1999: 31,200 → 57,063
2009–2013: 39,800 (± 6,300) → 52,057 (± 8,240)
2014–2018: 44,100 (± 5,900) → 53,512 (± 7,159)
2019–2023: 61,500 (± 9,700), haibadiliki

Ukingo wa kosa, ile namba inayofuata ±, nao unazidishwa kwa kigawo kilekile. Ni kosa la kila siku kupandisha makadirio na kuusahau ukingo. Asilimia 55 imeshakuwa 18.

Je, hiyo 18 ipo kweli?

Namba inayofuata alama ya ± kwenye majedwali ya ACS ni ukingo wa kosa kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 90. Ukiugawa kwa 1.645 unapata kosa sanifu, kipimo cha jinsi makadirio yanavyoyumba kwa sababu ya sampuli. Kwa 2019–2023: 9,700 ÷ 1.645 = 5,897, ambayo ni asilimia 9.6 ya makadirio. Kwa 2009–2013 inatoka 9.6 vilevile. Kanuni ya mkono inayotumika sana, ya Esri, kampuni ya programu za ramani, huhesabu chochote kisichozidi asilimia 12 kuwa cha kuaminika. Hapo mtu hupumua na kuendelea.

Asipumue. Makadirio mawili yanaweza kuwa mazuri kila moja kwa nafasi yake, na tofauti yao isiwe na maana yoyote. Ukingo wa kosa wa tofauti ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya kingo zote mbili:

√(8,240² + 9,700²) = 12,727

Tofauti yenyewe ni 61,500 − 52,057 = 9,443. Iko chini ya 12,727. Data haitoshi kusema kipato cha trakti hii kilipanda kati ya madirisha hayo. Haitoshi pia kusema hakikupanda: ukweli unaweza kuwa popote kati ya kushuka kwa dola 3,300 hivi na kupanda kwa 22,200. Watu huandika "hakuna mabadiliko" mahali pa "mabadiliko hayajathibitika", na mfadhili akisoma ya kwanza anaelewa jambo jingine kabisa.

Fomula hii inadai madirisha yasiyogusana. Kwa yanayoingiliana, makosa yake yameshikamana na jibu litapotoka.

Tahadhari moja ya kiufundi kwa wanaovuta data kwa programu: pale sampuli isipotosha kutoa kipato cha kati, API, mlango wa Ofisi ya Sensa ambao programu huvutia data, hurudisha −666666666. Hiyo ni alama, si kipato. Ikiingia kwenye wastani wa kaunti italeta matokeo ya kuchekesha, ila katika jedwali kubwa lililochujwa vibaya yaweza isionekane. Juu nako kuna dari: 250,001 maana yake ni "zaidi ya 250,000".

Mipaka, na sababu ya kuchukua trakti tatu

Trakti hupitiwa upya kila sensa. Lengo ni watu wapatao 4,000, na mipaka ya kawaida ni 1,200 hadi 8,000. Inayozidi hugawanywa, inayopungua huunganishwa. SF3 ya 2000 iko kwenye mipaka ya 2000. Matoleo ya 2009–2013 na 2014–2018 yako kwenye mipaka ya 2010. Kuanzia toleo la 2016–2020, mipaka ni ya 2020. Msimbo wa trakti unaweza kubaki uleule huku kipande kikiwa kimehama, kwa hiyo kulinganisha misimbo peke yake hakutoshi. Ofisi ya Sensa hutoa faili za uhusiano zinazoonyesha kipande gani kilikwenda wapi, na NHGIS, mradi wa data za sensa za kihistoria kwa maeneo, hutoa majedwali ya kuhamisha data kati ya mipaka. Na mabadiliko hayaishii kwenye trakti: kuanzia data ya 2022, Connecticut haina tena kaunti kwenye majedwali ya ACS, ina kanda za mipango zenye misimbo mipya.

Katika kisa chetu, faili za uhusiano zinaonyesha kuwa mwaka 2020 kipande chenye nyumba zipatazo 90 kilihamia trakti ya jirani, na mwaka 2010 jirani wa pili alibadilishana ukanda na huyo wa kwanza. Lakini trakti hizo tatu zikichukuliwa pamoja, mpaka wa nje haukuguswa tangu 2000. Hilo ndilo suluhisho la kisa kizima. Eneo la trakti tatu, kaya 3,240 katika dirisha la mwisho, linaondoa tatizo la mipaka bila kukisia chochote, na papo hapo linaongeza sampuli karibu mara tatu. Gharama yake ni kwamba hatuzungumzii tena trakti moja. Kwa maombi ya mradi wa maji unaopita kwenye trakti zote tatu, hiyo si gharama kubwa.

Kama majirani wangekuwa tofauti sana kiuchumi, tuseme mmoja ana ziwa na nyumba za wastaafu matajiri, kuunganisha kungeficha kilekile tunachokitafuta. Kabla ya kuunganisha, linganisha mgawanyo wa madaraja wa kila trakti. Ukikuta maumbo hayafanani hata kidogo, tafuta kundi jingine.

Kukokotoa kipato cha kati cha trakti tatu

Hapa ndipo wengi huchukua vipato vya kati vitatu na kuvitafutia wastani, hata kwa uzani wa idadi ya kaya. Haifai. Rudi kwenye madaraja: jedwali B19001 lina madaraja 16, kuanzia chini ya dola 10,000 hadi 200,000 na zaidi, na P052 ya mwaka 2000 ina 16 hayohayo.

Jumlisha kaya za kila daraja katika trakti zote tatu, kisha hesabu limbikizo kutoka chini. Kwa 2019–2023:

Jumla ya kaya: 3,240. Nusu: 1,620.
Kaya zote zilizo chini ya dola 60,000: 1,576.
Daraja la 60,000 hadi 74,999: kaya 352.

Kaya ya 1,620 iko kwenye daraja hilo. Imeingia ndani yake kwa kaya 1,620 − 1,576 = 44, yaani 44 ÷ 352 = 0.125 ya daraja. Upana wa daraja ni 15,000:

60,000 + 0.125 × 15,000 = 61,875

Fanya hesabu hii kwa dola za dirisha lenyewe, kisha ndipo upandishe jibu kwa kigawo cha bei. Anayepandisha kwanza mipaka ya dola ya madaraja hupata jibu lilelile kwa kazi ndefu zaidi. Anayepandisha baadhi na kusahau mingine hupata takataka.

Njia hii inachukulia kuwa kaya zimesambaa sawasawa ndani ya daraja. Ofisi ya Sensa hutumia madaraja membamba zaidi ndani kwa ndani, kwa hiyo majibu yatatofautiana kidogo. Jipime kwanza: chukua trakti moja, kokotoa kwa B19001, linganisha na B19013 yake. Pengo la dola mia kadhaa ni la kawaida. Likifika elfu tatu kwenye daraja la upana wa 10,000, tafuta kosa lako.

Ukingo wa kosa wa jibu hili hautokani na kuchanganya kingo tatu za B19013. Njia bora ni makadirio ya marudio: kwa baadhi ya majedwali ya miaka mitano, Ofisi ya Sensa hutoa matoleo 80 ya kila namba. Jedwali lako likiwemo, kokotoa kipato cha kati mara 80, toa jibu kuu kutoka kwa kila kimoja, weka miraba, jumlisha, zidisha kwa 4, gawanya kwa 80. Hiyo ni varianzi, kipimo cha mtawanyiko. Kipeuo chake cha pili mara 1.645 ni ukingo wa kosa. Lisipokuwemo, njia mbadala ni kuiga: yumbisha kila daraja kwa kubahatisha kulingana na ukingo wake, kokotoa upya mara elfu kadhaa, soma mtawanyiko. Njia hii inapuuza ushikamano kati ya madaraja, basi itaje kwenye maelezo. Na unapojumlisha kingo za kosa za madaraja yenye sifuri kwenye trakti kadhaa, ingiza ukingo mmoja tu wa sifuri, ule mkubwa; ukiziingiza zote unajipimia kosa kubwa kuliko lililopo.

Matokeo ya trakti tatu, kwa dola za 2023:

1999: 58,526
2009–2013: 50,900 (± 4,700)
2014–2018: 54,300
2019–2023: 61,875 (± 5,500)

Tofauti ya dirisha la kwanza na la mwisho ni 10,975. Ukingo wake: √(4,700² + 5,500²) = 7,235. Sasa tofauti imeuzidi ukingo. Kipato cha kati cha eneo kimepanda, kwa kiasi kilicho kati ya dola 3,740 na 18,210. Kutoka katikati ya dirisha moja hadi katikati ya jingine ni miaka 10, hivyo makadirio ya katikati ni kama asilimia 2 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei.

1999 inabadilisha hadithi

Tazama tena mstari wa kwanza. Anayeanzia 2009–2013 anasema kipato kimepanda kwa asilimia 22. Anayeanzia 1999 anasema kimepanda kwa asilimia 6 ndani ya miaka 24, na hata hiyo 6 ni ndogo kuliko kosa la sampuli. Wote wawili wanasoma jedwali moja. Mdororo mkubwa wa uchumi ulianza Desemba 2007 na kumalizika rasmi Juni 2009, na dirisha la 2009–2013 limeketi juu ya makovu yake. 1999 ulikuwa mwaka wa neema karibu na kilele. Ukianzia bondeni lazima upande.

Kwa maoni yetu zote mbili ziandikwe, na ya 1999 iwekewe alama. Fomu ndefu iliuliza mwaka wa kalenda, ACS inauliza miezi 12 inayosogea. Ukazi nao ulipimwa kwa kanuni tofauti, kwani ACS inamhesabu aliyekaa au anayekusudia kukaa zaidi ya miezi miwili, sensa inahesabu makazi ya kawaida. Kwenye eneo lenye vibarua wa msimu, tofauti hiyo haiwezi kupuuzwa. SF3 pia haiandiki ukingo wa kosa kando ya namba, na wasomaji huichukulia kana kwamba haina kosa. Inalo, fomula zake ziko kwenye nyaraka za kiufundi za faili.

Akitaka mwaka mmoja mmoja

Mfadhili anaweza kudai namba ya 2022 peke yake. Trakti haina. Kaunti inayo, kupitia SAIPE, programu ya Ofisi ya Sensa inayochanganya ACS na taarifa za marejesho ya kodi na kumbukumbu nyingine za serikali ili kutoa makadirio ya kila mwaka kwa kila kaunti.

Kokotoa uwiano wa eneo lako kwa kaunti katika kila dirisha, ukitumia ACS kwa pande zote mbili. Hapa kaunti ina 56,600, 59,000 na 68,000 kwa dola za 2023, na uwiano unatoka 0.90, 0.92 na 0.91. Umetulia, wastani 0.91. Uzuri wa uwiano ni kwamba bei zinajifuta: juu na chini ni dola za mwaka uleule. Kama SAIPE ya kaunti kwa mwaka fulani ni 70,400, eneo letu ni 0.91 × 70,400 = 64,064, kwa dola za mwaka huo. Namba za SAIPE hazijarekebishwa bei, hivyo kila mwaka upandishwe peke yake.

Makadirio haya yanarithi mwendo wa kaunti. Kiwanda kikifungwa ndani ya trakti tatu tu, uwiano wa 0.91 hautajua. Kwa hiyo usiyatumie kuthibitisha kuwa eneo limepanda au limeshuka kuliko kaunti. Jibu la swali hilo umeshaliingiza mwenyewe ndani ya hesabu. Na SAIPE ilihama mwaka 2005 kutoka kutegemea CPS, utafiti mwingine wa kaya wenye sampuli ndogo zaidi, hadi ACS, kwa hiyo usivuke mwaka huo kana kwamba mfululizo ni mmoja.

Ni kaya zilezile?

Kupanda kwa kipato cha kati hakumaanishi kuwa kaya zilizokuwepo zimepata nafuu. Huenda maskini wamehama, au wastaafu wenye pensheni nzuri wamehamia. Fungua B19049, kipato cha kati kwa umri wa mkuu wa kaya, na B19037 yenye idadi. Kama kila rika limebaki palepale huku marika yakibadilishana idadi, kilichobadilika ni wakazi. Tazama pia B25010, ukubwa wa wastani wa kaya: kaya zikipungua kutoka watu watatu hadi wawili, kipato cha kaya kinaweza kushuka bila mtu yeyote kuwa maskini zaidi. Gereza likijengwa, idadi ya watu na kipato kwa kila mtu vitayumba, lakini kipato cha kati cha kaya hakiguswi, kwani wafungwa hawahesabiwi kwenye kaya.

Sentensi ya kuweka kwenye maombi, basi: "Kwa dola za 2023, kipato cha kati cha kaya katika eneo la trakti tatu kilikuwa takriban 50,900 (± 4,700) mwaka 2009–2013 na 61,900 (± 5,500) mwaka 2019–2023, ongezeko hilo linazidi kosa la sampuli kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 90. Mwaka 1999 kilikadiriwa kuwa 58,500." Mfadhili akitaja toleo na eneo maalumu kwenye masharti yake, mpe namba anayoitaka kama ilivyo, kisha weka hii pembeni yake.

Dirisha linalofuata lisilogusana na 2019–2023 ni 2024–2028. Matoleo yatakayotoka kabla ya hapo yote yana angalau mwaka mmoja wa dirisha hili ndani yake, na kwa muda huo wote uwiano wa 0.91 ndio wa kukagua kila mwaka: ukitoka nje ya 0.88 hadi 0.94 kwenye toleo jipya, acha kuutumia na urudi kwenye madaraja.